Udongo Ulioanguka Mara Tatu

Mvua ile ilianza Jumamosi saa mbili usiku na haikukata. Saa kumi alfajiri mlinzi akanipigia simu: "Mzee, ukuta umeingia ndani." Nikadhani ana usingizi. Nilipofika na tochi nikakuta ni kweli kama alivyosema. Ukuta wa kuzuia udongo, ule wa nyuma ya kanisa, ulikuwa umebomoa chumba cha shule ya Jumapili na kulala ndani yake, na tope limeufuata mpaka usawa wa madirisha. Viti vya plastiki vya watoto, vyekundu na vya bluu, vilikuwa vimefukiwa, miguu ikitokeza juu. Nikaanza kuvihesabu. Nilifika kumi na saba nikashindwa kuendelea, kwa maana saa tatu ya asubuhi ile ile chumba kile kingekuwa na watoto zaidi ya arobaini.

Ibada tuliifanyia nje, chini ya turubai, mvua ikiwa imebaki manyunyu. Tuliimba, watu wakalia, tukatoa sadaka ya shukrani. Mimi ndiye niliyesimama kutoa shukrani kwa niaba ya baraza la wazee. Nilisema Mungu ametuokoa. Niliamini ninachokisema na ninakiamini hata leo. Lakini tulipotawanyika, mama anayewafundisha wale watoto akanivuta pembeni, viatu vyake vimejaa tope. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mzee, hii ni mara ya tatu. Ya nne ikituangukia Jumapili saa tatu, tutasimama hapa kushukuru nini?"

Sikuwa na jibu. Ninayoyaandika hapa yametokana na kulitafuta jibu hilo, na naandika kwa ajili ya shirika nyingine, yaani makanisa ya mitaa, zilizojenga mlimani kama sisi, ambazo huenda zimeshashukuru mara moja au mbili.

Ushirika wetu wa Kimoravian uko upande wa Mbeya unaopanda mlimani. Jina lake naliacha. Anayeujua mji huu anajua kwamba maeneo ya tambarare yalijaa zamani, na sisi tuliokuja baadaye tumepanda juu, nyumba juu ya nyumba. Udongo wa huku kwetu kwa sehemu kubwa umetokana na majivu ya volkano za kale. Ni udongo mzuri sana kwa viazi na mahindi. Ukiuchimba wakati wa kiangazi unasimama wima kama umepigwa timazi, nawe unadanganyika kuwa ni mwamba. Kifuku kikishafika, kuanzia Novemba mpaka kwenye Mei huko, unakunywa maji wiki baada ya wiki, unakuwa mzito, na siku ukichoka hauporomoki kidogo kidogo. Unakuja wote kwa pamoja.

Kiwanja tulipewa na familia ya waumini, Mungu awabariki. Kilikuwa na mteremko mkali. Ili tupate usawa wa kuweka jengo tulifanya kama wanavyofanya majirani wote: tukachimba upande wa juu, udongo tukaumwaga upande wa chini, kanisa likakaa katikati. Nyuma yake ikabaki kingo ya udongo mtupu, imesimama wima, imezidi urefu wa mtu. Kuanzia pale, hatua nne tu unafika ukuta wa kanisa.

Baada ya swali la yule mama nikaenda kwenye kabati la ofisi kutafuta mihutasari ya zamani. Sikuwa natafuta kitu kikubwa. Nilitaka tarehe tu, nijue mara ya kwanza ilikuwa lini. Chini ya vitabu vya nyimbo vilivyochakaa nikalikuta kaunta buku la jalada jeusi, mgongo mwekundu, kurasa za pembeni zimeliwa na mchwa. Mwandiko ulikuwa wa katibu wetu wa kwanza, mwalimu mstaafu aliyekwisha tangulia mbele za haki, herufi zake zote zikilalia kulia kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

Mara ya kwanza tope liliingia kwa mlango wa nyuma mpaka magotini na kuharibu mabenchi. Hakuna aliyeumia. Nilikuwepo. Nilichokuwa nakumbuka ni ibada ya shukrani na mbuzi wawili waliochinjwa. Sikukumbuka kabisa kwamba Jumanne yake baraza lilikutana, tena mimi nikiwemo, na katibu akaandika chanzo cha jambo lile kwa ufasaha ambao hata fundi wa leo asingeuongezea. Aliandika kwamba maji ya njia ya miguu iliyo juu yetu yanashuka moja kwa moja kwenye kingo. Kwamba kingo imekatwa wima mno. Kwamba miti ya juu imekwisha. Chini yake akaandika azimio: uchimbwe mtaro wa kukinga maji juu ya kingo kabla ya Novemba, na kingo ikatwe kwa ngazi. Pembeni, kwa wino mwingine, ameongeza neno moja: "Halijatekelezwa."

Niliketi sakafuni na daftari lile mpaka giza likaingia. Kumbe tulijua! Si kwamba hatukuelimishwa, wala si kwamba tulikosa wataalamu. Tulikaa, tukatambua, tukaandika, tukafunga kwa sala, kisha tukafunga na daftari.

Kwa nini halikutekelezwa? Kurasa mbili mbele jibu lipo. Michango ya mtaro ilikusanywa, si yote, ila ya kuanzia ilitosha. Septemba kwaya ikapata mwaliko mkubwa na amplifaya yetu ilikuwa mbovu. Baraza likaazima fedha za mtaro, kwa makubaliano kwamba zitarudishwa baada ya mavuno. Siilaumu kwaya. Waliopiga kura ni sisi wazee, na jina langu limo katika walioafiki. Spika inasikika kila Jumapili. Mtaro hausikiki, hauonekani, na mvua za mwaka ule zilikuwa za wastani, basi tukaona kama tumefaulu.

Mara ya pili ilikuja miaka kadhaa baadaye. Safari hii palikuwa na ukuta. Tuliujenga kwa tofali za saruji, tukaupiga lipu, tukauchora mstari wa Zaburi. Ulikuwa ukuta mzuri, wageni waliusifu. Ila haukuwa na tundu hata moja la kutolea maji. Kwa asiyejua nieleze: ukuta wa kuzuia udongo hausukumwi na udongo peke yake. Maji yakijikusanya nyuma yake na kukosa pa kutokea yanakuwa mzigo mpya juu ya mzigo, na kila siku ya mvua yanausukuma zaidi. Ndivyo wetu ulivyoanguka, ukaangukia jiko la mwinjilisti. Mkewe alikuwa ndani anapika. Alivunjika mguu, akakaa miezi mitatu na hogo.

Hapa daftari linabadilika, na ndipo kisa hiki kinaponiuma. Katibu wa kwanza alikuwa ameshafariki. Mwandiko ni wa mwingine, na habari yenyewe ni mistari michache. Tumshukuru Mungu kwa uhai wa mama. Maombi ya kufunga siku tatu. Ukuta ujengwe upya, mnene zaidi. Hakuna neno kuhusu maji. Kuna mstari mmoja tu, umeingizwa kama wa kupita: mama mmoja jirani aliwaambia wazee wiki mbili kabla kwamba maji ya tope yanatoka chini ya ukuta.

Mama huyo namjua. Alikuwa muumini wetu, mjane, nyumba yake iko ubavuni mwa kiwanja. Alikuwa anapika komoni, pombe ya kienyeji, na kuuza, ndiyo iliyosomesha watoto wake. Alipita pale kila asubuhi na ndoo yake, ndiyo maana aliyaona maji yale kabla yetu sote. Maji ya tope kutoka chini ya ukuta ni ishara mbaya sana, maana udongo wa ndani umeanza kusafiri. Aliwaambia wazee wawili, mmoja wao ni mimi. Nilimjibu, "Tumesikia mama, tutaangalia."

Ukuta ulipoanguka, katika yale maombi ya siku tatu likatoka neno kwamba kuna Akani kambini. Mnaikumbuka habari hiyo katika Yoshua sura ya saba: Israeli wanapigwa vitani kwenye mji wa Ai kwa sababu mtu mmoja ameficha vilivyowekwa wakfu hemani mwake. Nani Akani wetu? Hakutajwa jina siku ile, lakini macho ya watu yakaelekea kwenye nyumba yenye harufu ya komoni. Wiki ya tatu akaitwa mbele ya baraza. Akatengwa na Meza ya Bwana mpaka aache biashara ile. Ukurasa wa kumtenga unafuata mara moja baada ya ukurasa wenye ule mstari wa maji. Karatasi moja, mbele na nyuma. Tulimwadhibu shahidi.

Sisemi kanisa lisiwe na nidhamu, wala sitetei pombe. Nasema tulichukua mambo mawili yasiyohusiana tukayafunga kamba moja. Na Bwana wetu alishalijibu hili waziwazi. Katika Luka 13 anazungumzia watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akawauliza wasikilizaji kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wakaao Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: sivyo. Kisha akawageuzia wao walio hai: msipotubu, mtaangamia vivyo hivyo. Nilisoma sura hiyo miaka mingi bila kuona kwamba toba anayoidai ni ya waliosimama pembeni wakiangalia kifusi. Sisi tulipoangalia kifusi tulitafuta wa kutubu kwa niaba yetu, tukampata mwenye nyumba ya karibu.

Tutubu nini sasa, kama mvua ni ya Mungu na mlima ni wa Mungu? Kumbukumbu la Torati 22:8 inaamuru kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, yaani paa lake la juu, asije akaleta damu juu ya nyumba yake mtu akianguka kutoka huko. Mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Hakuwa na nia mbaya. Hakuweka ukingo tu, na Mungu anaiita hiyo damu. Sheria hii imo katika kitabu kile kile chenye Amri Kumi, nasi tulikuwa tunaihesabu kama habari za ujenzi wa Wayahudi wa kale. Uzembe wa fundi, uvivu wa baraza, fedha ya mtaro iliyonunua amplifaya, vyote hivyo vina mahali katika maungamo. Mguu wa mke wa mwinjilisti uko juu ya nyumba yetu.

Kuna jambo lingine ambalo baraza lilinisihi nilipunguze, lakini nimeamua kulisema. Juu ya kiwanja chetu palikuwa na msitu mdogo, mnene, wenye chemchemi. Wazee wa Kisafwa, wenyeji wa huku, walikuwa wakipeleka matambiko yao pale, na kwa sababu hiyo hakuna aliyethubutu kukata hata kuni. Waumini wa kwanza wa mtaa huu, kwa ari ya wokovu, waliukata. Simulizi yake ilikuwa fahari yetu: kuni zilezile zilipikia chakula siku ya kufungua kanisa. Nimeisimulia mwenyewe kwa vijana mara nyingi, nikiwafananisha wale na Gideoni aliyeikata Ashera ya baba yake.

Siyataki matambiko yarudi. Yaliyokufa yamekufa, na nilizaliwa katika nyumba iliyoyaacha kwa gharama. Lakini Ashera ya Gideoni ilikuwa ni kitu cha ibada, kimesimamishwa kwa ajili ya ibada. Msitu wetu ulikuwa umeumbwa na Mungu kabla ya tambiko la kwanza, na mizizi yake ilikuwa imeshika mlima kabla hajafika Msafwa wala Mmoravian. Mungu yuleyule, katika Kumbukumbu 20:19, aliwakataza Israeli kupeleka shoka kwenye miti ya matunda hata wakiwa vitani, hata miti ikiwa ya adui. Tungeweza kukataa sadaka na kuacha miti. Wale wazee tuliowaita wa giza walijua jambo moja la kweli kuhusu mlima ule, wakalilinda kwa njia tusiyokubaliana nayo. Sisi tukaitupa njia, na lile jambo la kweli likaenda nayo.

Wakati tunabishana haya, ikafika Jumapili ya Aprili 14, 2024. Udongo wa Mlima Kawetere ukashuka Itezi, hapa hapa mjini kwetu, ukafukia nyumba na majengo ya shule. Tulikwenda na majembe na mablanketi kama shirika nyingine zilivyokwenda. Niliona bati la nyumba likiwa limekaa usawa wa ardhi kama jamvi. Miezi minne tu kabla yake, Desemba 3, 2023, taifa zima lilikuwa limelia kwa ajili ya Katesh, chini ya Mlima Hanang, ambako tope liliua zaidi ya watu 80. Na siku kumi na moja baada ya Itezi, Aprili 25, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zimeshaua watu 155 nchini. Zilikuwa mvua za El Nino, kubwa kuliko kawaida, hilo ni kweli. Lakini yeye mwenyewe alitaja pia ukataji wa miti na kilimo kibaya. Niliposikia nikalikumbuka daftari letu. Katibu wetu alikuwa ameandika hayo hayo kwa mkono miaka mingi nyuma, kuhusu kingo moja ya kanisa moja.

Tuliporudi kutoka Itezi hakuna mzee aliyepinga tena. Mchungaji akatusomea Nehemia sura ya pili. Nehemia amefika Yerusalemu, ukuta umebomoka, watu wanasubiri hotuba. Naye hasemi neno. Anaondoka usiku na watu wachache, anazunguka ukuta mahali kwa mahali, anaangalia palipovunjika, mpaka mnyama wake anakosa njia. Baada ya kuona kwa macho ndipo akaongea. Mchungaji akafunga Biblia akasema, "Mvua ijayo ikinyesha usiku, tutakutana hapa. Njooni na makoti."

Tulikuwa tisa, saa tano usiku, na tochi za simu. Kwa umri wangu sikuwahi kusimama juu ya kanisa letu wakati wa mvua. Nani anafanya hivyo? Kukiwa na mvua kila mtu yuko kwake. Ndiyo maana hatukuwahi kuona. Maji yalikuwa yakishuka na njia ya miguu kama kijito, yanafika kwenye kona ya mgomba, yanagawanyika, nusu yanakwenda kwenye korongo na nusu yanakuja kwetu. Pale kwenye mgomba palihitaji jembe na nusu saa tu ya kazi ili maji yote yaelekee korongoni. Mchungaji akalichukua jembe mwenyewe.

Tulikuwa pia na mzee mmoja wetu ambaye ujanani alikuwa kibarua wa reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975. Alikuwa upande wa Mlimba na Makambako, kwenye madaraja na mahandaki. Miaka yote amekaa benchi la tatu kutoka nyuma na hatujawahi kumuuliza chochote kuhusu ukuta, kwa sababu si fundi wa kuajiriwa. Alisimama kwenye mvua akatueleza kwamba Wachina walipokata mlima walianza na mfereji wa juu, hata kabla ya kuweka jiwe. "Maji kwanza, ukuta baadaye. Na ukuta wenyewe lazima upumue." Akaonyesha kwa vidole: hapa tundu, hapa tundu, nyuma yake kokoto ili tope lisizibe.

Kazi tuliyoifanya naipitia haraka kwa sababu kila mahali itakuwa tofauti, na mwenye mlima mkubwa aite mhandisi wa halmashauri kabla ya kuamini maneno yangu. Mtaro juu, umejengwa kwa mawe, unatupa maji korongoni. Kingo imekatwa ngazi tatu badala ya kusimama wima. Chini yake mawe yaliyofungwa kwenye wavu wa chuma, na sehemu fupi ya ukuta yenye matundu kumi na mawili ya bomba la plastiki. Juu tumepanda miti ya asili na mianzi. Vijana walitaka mikaratusi ili baadaye tuuze nguzo, tukakataa, maana anayepanda mikaratusi anapanda akiwa ameshanoa shoka. Watoto wamehamia chumba cha mbele. Cha nyuma hakijajengwa tena na hakitajengwa.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni ibada. Nilipendekeza kwamba kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Novemba kabla ya kifuku, kurasa zile za daftari zisomwe mbele ya ushirika, zote, pamoja na ule wa amplifaya na ule wa komoni. Wazee wawili walipinga kwa nguvu. Mmoja alisema tunampa adui nafasi ya kutucheka. Mwingine, mtu wa maombi ninayemheshimu sana, alisema kujiandaa hivi kila mwaka ni kukiri kushindwa na kukosa imani. Tulimjibu kwa Yusufu. Mungu alimwonyesha Farao njaa inakuja, na Yusufu hakuitisha maombi ya kuifuta njaa. Alishauri moja ya tano ya mavuno iwekwe akiba kwa miaka saba ya shibe. Tena nabii Agabo alipotabiri njaa katika Matendo 11, wanafunzi wa Antiokia waliazimu pale pale kila mtu kupeleka msaada kwa kadiri alivyoweza. Neno la Mungu lilipokuja lilikuja na kazi ya mikono. Mzee yule hakukubali siku ile. Alikuja siku ya kuchimba, akachimba kuliko wote.

Nimefikiri sana kuhusu shuhuda zetu. Tumefundishwa kuzisimulia kwa namna moja: nilikuwa katika hatari, nikamwita Bwana, akaniokoa, haleluya. Sehemu ya kati, ile ya jinsi nilivyofika kwenye hatari, tunairuka kwa adabu. Lakini hivyo sivyo Biblia inavyokumbuka. Samweli aliposimamisha lile jiwe na kusema "Hata sasa Bwana ametusaidia," watu walikuwa wametoka kukiri mbele yake kwamba wamekosa, na wameondoa Mabaali yao. Jiwe likaja baada ya maungamo. Na mawe kumi na mawili ya Yordani katika Yoshua 4 yaliwekwa ili watoto waulize maana yake. Mtoto akiuliza unamjibu yote. Ukimjibu nusu, utamwachia hiyo nusu nyingine aijifunze chini ya kifusi.

Tuliacha vipande vitatu vya ukuta ule karibu na mlango, kimoja bado kina nusu ya mstari wa Zaburi. Watoto hukalia wakisubiri mama zao.

Kwa yule mama mjane tulikwenda watatu, mchungaji, mimi, na mwalimu wa watoto. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kutukaribisha viti. Siku hizi anasali kwingine, komoni ameacha kwa sababu ya magoti tu, alituambia hivyo bila kuficha. Nikamsomea ule mstari kutoka kwenye daftari, kwamba alituambia kuhusu maji. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Mliandika?" Nikamwonyesha. Hajui kusoma vizuri, akaweka kidole kwenye jina lake akakiacha pale. Tulimwomba msamaha. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikumsukuma.

Lakini Novemba iliyofuata, mvua ya pili au ya tatu, alikuja kiwanjani asubuhi mapema, kabla ya mlinzi kufungua geti vizuri, na ndoo yake mkononi. Nilikuwa nimepita kuangalia mtaro. Akatembea taratibu kando ya ukuta, akainama kwenye kila tundu, akitia kidole na kuangalia rangi ya maji. Mengine yalikuwa yanatoka safi. Alipofika katikati akasimama.

"Hili la saba limeziba," akasema. "Nitafutie waya."